Daftari Kabla ya Insha

Mwanafunzi wa Moshi mjini, Marangu au Kibosho akipewa insha ya fasihi, mara nyingi hukimbilia vitini vya uchambuzi kabla hajaisoma riwaya yenyewe. Hapo ndipo insha inapoharibika. Chukua riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Kitini kitampa neno "umaskini", basi. Lakini aliyesoma na daftari pembeni, akaandika ukurasa ambapo Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na chini yake akajiuliza alaumiwe nani, baba yao mlevi au shule, huyo tayari ana hoja na ushahidi wake.

Baada ya daftari, wanafunzi wakutane kujadili walichoandika kabla ya kuandika insha. Wapo wasemao kwamba majadiliano hayo huzaa insha zinazofanana. Ni kweli, iwapo watu wanakuja mikono mitupu. Kila mmoja akija na maelezo yake, mwenzake atampinga, naye atalazimika kurudi kitabuni kutafuta ukurasa unaomtetea. Muda nao haupotei, kwani siku ya kuandika insha inapofika, sehemu ngumu imeshafanyika. Wazazi, wanunulieni watoto daftari moja la ziada, kisha jioni waulizeni wamesoma nini.