Mwenye Beseni Naye Ni Mhamaji

Mheshimiwa Meya wa Wilaya ya Rusizi, maafisa wa uhamiaji na forodha, viongozi wa dini na wa vyama vya ushirika, mama zangu na dada zangu mliovuka daraja asubuhi hii kutoka Bukavu, upande wa Kongo:

Leo ni tarehe 18 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Wahamaji. Neno hilo likitajwa, wengi humwona mtu mwenye sanduku, aliyekwisha kuaga kwao. Hapa kwetu ni mama anayefika kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza na beseni la nyanya kichwani, mtoto mgongoni. Anavuka, anauza, jioni yuko jikoni kwake Kamembe. Kesho tena. Hajahama popote, lakini chakula cha watoto wake kimefungwa kwenye karatasi ya kuvukia.

Mnakumbuka Machi 2020. Korona ilipoingia, mipaka ilifungwa. Malori ya mizigo yakaruhusiwa kuendelea kupita. Mwenye beseni akabaki upande wake. Silaumu kufungwa kwa mpaka, kwani ugonjwa ulikuwa unaua. Nasema tu kwamba kwa waliopanga, lori lilikuwa biashara, beseni halikuwa. Na mtaji wa beseni ni wa siku moja. Mama akikaa nyumbani siku tatu, ameshaula na wanawe.

Taratibu nzuri tunazo. Utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, unamwondolea ushuru wa forodha mwenye mzigo mdogo, mradi bidhaa yake imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini waulizeni wauza samaki wa sambaza waliokaa hapa mbele: nani ameiona orodha hiyo kwa macho yake? Asiyeijua haki yake hulipa anachoambiwa, au hupita njia za panya usiku, na mto huu wa Rusizi hauna huruma. Huko akidaiwa mwili wake badala ya hela, atamshtaki nani, ilhali yeye mwenyewe hana karatasi ya kuvukia?

Maafisa wetu, naomba tuanzie dirishani. Orodha ibandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, maandishi makubwa, na awepo wa kuwasomea wasiojua kusoma. Malalamiko ya wanawake yapokewe na mwanamke. Pawe na kivuli, maji, na mahali pa kunyonyeshea. Sheria ya kazi ya Rwanda ilivyorekebishwa mwaka 2023 inampa mwajiriwa wiki 14 za likizo ya uzazi. Lakini mwenye beseni, asiye na mwajiri, hurudi darajani kitovu cha mtoto hakijakauka.

Kesho alfajiri, kabla geti halijafunguliwa, nitapanga foleni pale pamoja na mama zangu hawa. Mheshimiwa Meya, nakuomba twende wote, bila msafara.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mkutano huu umefunguliwa rasmi.