Nani Alipe Mafunzo ya Daktari Baada ya Chuo?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twaomba masikio yenu kwa jambo lisilo la madaktari peke yao. Kijana apatapo shahada ya uganga, kujifunza kwake hakujaisha. Yampasa kutumika mwaka wa mazoezi hospitalini chini ya wakubwa wake. Na akitaka kuwa bingwa wa upasuaji au wa magonjwa ya watoto, hana budi kuongeza miaka mingine kadhaa. Muda wote huo hukesha wodini akitibu wagonjwa. Basi ni mwanafunzi, tena ni mtumishi. Gharama yake i juu ya nani?

Wamarekani walijibu mwaka 1965. Walipoanzisha bima ya wazee iitwayo Medicare, walikubali fedha zake zisaidie hospitali zifundishazo, maana mgonjwa wa kesho humtegemea mwanafunzi wa leo. Lakini mwaka 1997 sheria iliweka mpaka: hospitali nyingi zisilipwe zaidi ya hesabu ya madaktari wanafunzi waliokuwa nao mwaka 1996. Watu wakaongezeka, mpaka ukakaa. Hata Desemba 2020 ndipo nafasi mpya 1,000 zilipoidhinishwa, na sehemu yake ikatengwa kwa hospitali za mashambani.

Nchini Kenya shida haikuwa hesabu tu, ilikuwa na mshahara pia. Mwaka 2017 serikali na chama cha madaktari walitia sahihi mapatano. Mwaka 2024 serikali ikataka daktari wa mazoezi alipwe shilingi 70,000 kwa mwezi, hali mapatano yalimpa zaidi ya 200,000. Madaktari waligoma siku 56, tangu Machi hata Mei, na aliyeumia zaidi ni maskini asiye na fedha za hospitali ya watu binafsi. Mwisho wa mwaka ule ule serikali ikakubali kulipa kama ilivyoahidi. Je, siku zile 56 zilimfaa nani?

Hatusemi kwamba hazina ya serikali haina kikomo. Sisi tunaoandika hesabu zake twajua sana. Twasema haya matatu. Kwanza, akeshaye kazini alipwe, ijapokuwa bado ajifunza. Pili, neno lililotiwa sahihi lishikwe. Tatu, daktari aliyefundishwa kwa kodi ya mkulima asiikimbie wilaya ya mkulima.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukitaka mabingwa, na tukubali kuwalea.