Kenya: Majivu, Bima na Mkadiriaji

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, maduka mengi yaliteketezwa Kisumu, Eldoret na kwingineko. Wenye mali walipodai fidia, wengi waliambiwa kwamba bima ya kawaida ya moto haihusu ghasia za kisiasa.

Funzo ni dhahiri. Mkadiriaji wa hasara anayeletwa na kampuni hulipwa na kampuni. Hivyo mdai mwenye hasara kubwa yafaa aajiri mkadiriaji wake mwenyewe, aliyesajiliwa kisheria, ausome mkataba kabla ya majadiliano.

Hata hivyo, wakadiriaji wote wawili huhitaji taarifa ya polisi. Askari alindaye magofu na kuandika alichokiona, bila kupunguza wala kuongeza, ndiye shahidi wa kwanza wa haki ya raia.