Amplifaya Mpya: Soma Kwanza, Washa Baadaye

*Mazungumzo na wahitimu wa kisomo waliochanga fedha na kununua amplifaya na spika mbili kwa matumizi ya kikundi*



Mwenyekiti amenionyesha maboksi matatu. Moja lina amplifaya. Mawili yana spika. Ameniambia kuwa fedha zilizonunua vyombo hivi ni za mavuno ya misimu miwili. Ameniambia pia kuwa maboksi yamekaa wiki nzima bila kufunguliwa, kwa sababu kila mtu anaogopa kuunguza mali ya wenzake.

Woga huo una sababu. Wapo watu waliounguza spika mpya usiku wa kwanza. Lakini dawa ya woga ni kujua. Ninyi mnajua kusoma, na mambo mengi ya chombo hiki yameandikwa juu yake. Basi leo tutayasoma pamoja.

Kila chombo na kazi yake

Sauti inaanzia kwenye redio, simu au flashi. Lakini umeme unaotoka huko ni mdogo sana. Hauna nguvu ya kusukuma spika kubwa. Amplifaya inapokea umeme huo mdogo na kuukuza. Kisha spika inageuza umeme uliokuzwa kuwa mtikisiko wa hewa, na huo ndio sauti tunayoisikia.

Kwa hiyo kuna hatua tatu: chanzo, amplifaya, spika. Hatua moja ikiwa mbovu, zote zitaonekana mbovu. Ukisikia sauti mbaya, usikimbilie kulaumu amplifaya. Jaribu kwanza chanzo kingine. Wimbo uliorekodiwa vibaya hautengenezwi na amplifaya. Unakuzwa pamoja na ubaya wake.

Geuza chombo usome nyuma

Maneno ya nyuma ni ya Kiingereza, lakini ni machache. INPUT maana yake ni mahali sauti inapoingia. Hapo tunachomeka waya wa redio au simu. OUTPUT au SPEAKERS ni mahali sauti inapotoka kwenda kwenye spika. Usivichanganye. FUSE ni fyuzi. VOLUME, ambayo mara nyingi iko mbele, ni kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Yaandikeni maneno haya kwenye karatasi pamoja na maana zake, muibandike ukutani.

Sasa tazameni tarakimu. Ya kwanza ni volti. Umeme wa gridi hapa Tanzania ni volti 230. Vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni vya volti 120, na vya Japani ni volti 100. Ukichomeka chombo cha volti 100 kwenye umeme wetu, kitaungua mara moja. Vyombo vingine vina swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti. Hakikisha imewekwa kwenye 220, 230 au 240 kabla ya kuchomeka.

Tarakimu ya pili ni wati. Hapa ndipo wengi hudanganywa. Utaona sabufa dukani ina kibandiko mbele kinachosema wati 10,000. Igeuze. Nyuma imeandikwa kuwa inatumia wati 60. Hebu tufikiri. Mtu mwenye debe moja la maji anaweza kumpa jirani madebe mia? Hawezi. Na chombo hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko kinayoingiza. Kibandiko cha mbele ni cha kuvutia mnunuzi. Tarakimu ya nyuma ndiyo ya kuamini. Ukiona herufi RMS, hizo ni wati za kweli za kazi ya mfululizo. Ukiona PMPO, usizipe uzito.

Jueni pia kwamba wati 100 hazitoi sauti mara mbili ya wati 50. Tofauti ni ndogo, unaisikia kidogo tu. Ili sikio lione sauti imeongezeka maradufu, wati lazima ziongezwe kama mara kumi. Kwa hiyo chumba cha mikutano kama hiki hakihitaji maelfu ya wati. Wati 20 au 30 za kweli zinatosha kusikiliza vizuri.

Tarakimu ya tatu ni omu. Alama yake ni Ω, inafanana na chungu kilichopinduliwa chenye vimiguu viwili. Omu ni ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia umeme kupita. Spika zenu zimeandikwa omu 8. Amplifaya yenu imeandikwa omu 8 hadi 16. Zinapatana.

Lakini angalieni. Kesho kutwa mtu atakuja na spika za pili na kutaka kuziunga palepale, mbili kwenye tundu moja. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Ni kama tangi la maji lililotobolewa tundu la pili: maji yanatoka kwa wingi zaidi. Amplifaya italazimika kutoa umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa. Itapata moto, na mwisho itaungua. Akija mtu huyo, msomeni tarakimu zilizoandikwa. Msibishane kwa mdomo.

Mahali pa kuweka

Amplifaya hutoa joto. Ndiyo maana ina matundu juu na pembeni. Iache nafasi ya kiganja kizima kila upande, na juu kuwe wazi.

Akina mama wenzangu watanisamehe hapa. Tunapenda kufunika redio kwa kitambaa kilichofumwa vizuri. Kitambaa kile kinaziba matundu. Chombo kikiwa kimezimwa na kupoa, funikeni kuzuia vumbi. Kabla ya kuwasha, ondoeni. Na tusiweke juu yake glasi ya maji, chombo cha maua wala kibatari.

Spika zisimamishwe juu ya meza au tofali, kimo cha masikio ya mtu aliyekaa. Ziachane. Wasikilizaji wakae mbele yao, ili spika mbili na msikilizaji vifanye pembe tatu. Spika ikisogezwa kwenye kona, besi huongezeka. Wengine hufurahia, lakini maneno ya msemaji hufunikwa. Kama mnataka kusikia maneno, isogezeni mbali kidogo na ukuta.

Chumba chenye kuta tupu na sakafu ya saruji kinarudisha sauti kama pango. Tandikeni mikeka. Tundikeni blanketi au magunia ukuta wa nyuma. Hilo halina gharama, na linasaidia kuliko kununua chombo kikubwa zaidi.

Kuunganisha nyaya

Fanyeni kazi hii kabla amplifaya haijachomekwa kwenye umeme. Fuateni mpango huu.

1. Menya ncha za waya wa spika, kama urefu wa ukucha. Zisokote vizuri. Hata uzi mmoja wa shaba ukigusa tundu la jirani, ni hasara.
2. Waya wa tundu jekundu la amplifaya uende kwenye tundu jekundu la spika. Mweusi kwa mweusi. Fanya hivyo kulia na kushoto.
3. Unganisha redio au simu kwenye INPUT.
4. Shusha VOLUME hadi mwisho.
5. Sasa chomeka plagi.

Mtu atauliza: nikikosea jekundu na jeusi, itaungua? Haitaungua. Lakini spika moja itasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Zitapingana, na besi itapotea. Mkiona spika kubwa zinatoa sauti nyembamba, zimeni, badilisheni nyaya za spika moja tu, halafu sikilizeni tena. Namna iliyotoa besi nzito ndiyo sahihi.

Kuwasha mara ya kwanza

Washa redio kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, zima amplifaya kwanza. Ukifanya kinyume, spika itapiga kishindo, na kishindo kikirudiwa mara nyingi kinaidhuru.

Pandisha sauti polepole. Weka kipindi cha mazungumzo, siyo muziki. Sauti ya mtu ndiyo mizani nzuri, kwa sababu sote tunajua mtu anavyosema. Akisikika kama anaongea ndani ya pipa, punguza besi. Akikwaruza, punguza sauti nyembamba. Kisha tembeeni chumbani, kila kona. Mzee aliyekaa nyuma ndiye atakayetuambia kama kazi imefanyika.

Mkisikia mvumo wa mfululizo, angalieni waya wa INPUT. Pengine haujaingia sawasawa, au umelala pamoja na waya wa umeme. Itenganisheni.

Na sasa jambo linalounguza spika nyingi. Amplifaya ina kikomo chake. Ukipandisha sauti kupita kikomo, inaanza kukoroma. Hapo umeme unaokwenda kwenye spika umekatwa vichwa, na joto linaongezeka ndani ya spika. Ile ndogo ya sauti nyembamba ndiyo hufa kwanza. Watu hudhani spika huungua kwa kuwa amplifaya ni kubwa. Mara nyingi amplifaya ndogo iliyolazimishwa ndiyo huiunguza. Kwa hiyo ikikoroma, shusha palepale. Asisubiriwe mwenyekiti.

Usalama

Fyuzi ikikatika, weka nyingine yenye tarakimu ileile. Usiweke waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi ni mlinzi. Ukimwondoa mlinzi, moto utaingia ndani ya nyumba.

Usifungue kifuniko. Hata plagi ikiwa imechomolewa, ndani huweza kubaki umeme uliohifadhiwa, na unaweza kumrusha mtu. Kazi hiyo ni ya fundi. Mvua ya radi ikinukia, chomoa plagi na waya wa antena.

Wenzetu wa vitongoji vya mbali watatumia sola. Tupige hesabu. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100 ina 12 × 100 = wati-saa 1,200. Betri ya maji isitumiwe zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Zinabaki 600. Tuseme amplifaya inatumia wati 50. 600 ÷ 50 = saa 12. Inveta nayo inakula kidogo, kwa hiyo tuhesabu saa 10. Hesabu hii fanyeni kabla ya sherehe, siyo taa zikishazimika.

Masikio na majirani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Hatuna kipimo hapa, lakini ipo njia rahisi. Kama inakubidi upige kelele ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, sauti imezidi. Kama masikio yanalia ukifika nyumbani, umeyaumiza. Sikio likiharibiwa kwa kelele halitibiki. Spika inanunuliwa nyingine.

Tena wapo majirani. Yupo mgonjwa, yupo mtoto mchanga, yupo anayeamka alfajiri kwenda shambani. Mtoto mmoja alikuwa ameniambia hapo nje kuwa akisikia boksi hilo limefunguliwa atajua mtihani wake umekwisha, kwani hatalala tena. Maneno hayo tuyatafakari. Kubalianeni saa ya kuzima, muiandike katika daftari la kikundi, na kila mtu aweke sahihi.

Mwisho, ndugu zangu, tukumbuke kazi ya chombo. Mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni mbili nchini walikaa katika vikundi wakisikiliza redio. Waliisikiliza, wakasoma vitabu vyao, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Faida haikutoka kwenye ukubwa wa redio zao. Ilitoka kwenye yale waliyotenda baada ya kuizima. Nimesikia wapo wanaotaka kukodisha amplifaya hii kwenye harusi ili irudishe fedha, na wapo wanaotaka ibaki hapa kwa vipindi vya kilimo na afya. Uamuzi ni wenu. Ila mkikodisha, aende nayo mtu wenu anayejua kusoma maneno ya nyuma, na aketi karibu na kitufe cha sauti mpaka mwisho.

Haya, nani atasoma tarakimu za volti? Tufungue boksi la kwanza.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu ngapi? Kuna hatari gani kwa amplifaya yetu?
2. Betri ya volti 12 na saa-ampea 60, ikitumiwa nusu, itaendesha chombo cha wati 40 kwa saa ngapi?
3. Nani atashika ufunguo wa chumba, na nani atashika daftari la matengenezo?
4. Amplifaya izimwe saa ngapi usiku? Je, majirani wameulizwa?