PlayStation au Xbox: Mzazi Aanze na Bando

Msikilizaji wa Ngamiani, Pangani au Muheza, kama kijana wako anataka mashine ya kuchezea gemu mtandaoni, piga hesabu ya bando kabla ya bei ya dukani. Sony, wenye PlayStation, na Microsoft, wenye Xbox, zote hutoza ada kwa gemu nyingi za kulipia zinazochezwa mtandaoni. Gemu za bure kama Fortnite hazidai ada hiyo kwenye PlayStation, na tangu Aprili 2021 hata kwenye Xbox. Kwa hiyo ada haitoshi kuamua mshindi. Kinachomaliza hela ni kupakua: gemu moja kubwa hupita gigabaiti 50, ilhali kucheza kwenyewe hula data kidogo tu.

Wapo watakaosema Game Pass ya Xbox ni nafuu, kwa kuwa unalipia mwezi na kupata gemu chungu nzima. Ni kweli, kwa mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo. Anayetegemea bando la simu atazipakua kwa gharama gani? Huyo namshauri diski, maana huazimwa na huuzwa tena, ingawa nayo huhitaji masasisho. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba nchi nzima. Mwenye diski aliweza kuendelea kucheza na jirani, padi mbili, runinga moja. Ila kagua kabla ya kulipa: Xbox Series S haina sehemu ya diski, na PS5 nayo lipo toleo lisilo nayo.