Kuunda na Kusimamia Objekti Katika Mifumo ya Taasisi: Tatizo la Koneksheni Zisizorudishwa



Nimeombwa nizungumzie uundaji na usimamizi wa objekti, kwa kuzingatia mifumo inayotumika katika taasisi zetu. Niseme mapema kwamba maoni yaliyomo humu ni yangu, si msimamo wa mwajiri wangu, na mifumo nitakayoitolea mfano sitaitaja kwa jina. Wenye nayo wanajijua.

1. Fasili

Sehemu hii nitaipitia haraka, maana wengi humu ndani mnaifundisha. Klasi huandikwa mara moja. Objekti huundwa kutokana nayo programu inapoendeshwa, nyingi kadiri zinavyohitajika, kila moja na data zake. Mpangilio huu ulianzia Oslo, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walioibuni Simula 67, na amri ya "new" tunayoiandika leo katika Java ilikuwemo tangu huko. Ukiiita, memori inatengwa, konstrakta inaendeshwa, nawe unapewa rejeo la objekti. Python huigawa kazi hiyo mara mbili: __new__ huunda, __init__ hujaza.

Lugha hizi zinatofautiana zaidi kwenye kuondoa kuliko kwenye kuunda. C++ ina destrakta, inayoendeshwa papo hapo objekti ya ndani ya bloku inapofika mwisho wa bloku. Java hutegemea mzoa taka, utaratibu ambao John McCarthy aliubuni kwa ajili ya Lisp: objekti isiyofikiwa tena na rejeo lolote huondolewa, ila haisemwi lini. Fasili zinatosha.

2. Tatizo lenyewe

Mzoa taka anajua memori tu. Hajui kwamba objekti fulani, ndogo tu, imeshikilia kitu kilicho nje ya programu: faili lililofunguliwa, au koneksheni ya hifadhidata. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Chukueni mfumo wa kawaida wa malipo ulioandikwa kwa Java, hifadhidata yake ni PostgreSQL, na katikati kuna HikariCP inayotunza akiba ya koneksheni. Usipobadilisha chochote, akiba hiyo hufika koneksheni 10. Methodi ya kutafuta stakabadhi inaazima koneksheni moja, inaendesha kwiri, inasoma majibu, inageuza tarehe kuwa maandishi, halafu mstari wa mwisho unasema close(). Ilijaribiwa, ikapita. Siku moja inakutana na stakabadhi ya zamani iliyoingizwa bila tarehe. Mstari wa kugeuza tarehe unatupa eksepsheni, methodi inakatika, na close() haifikiwi. Karani anaona ujumbe wa hitilafu, anahamia stakabadhi nyingine, kazi inaendelea. Lakini koneksheni moja haikurudi. Ni kama gesti ya vyumba kumi: mgeni ameshaondoka, ufunguo kaenda nao, na daftari la mapokezi bado linasema chumba kina mtu.

Zikifika stakabadhi kumi za aina hiyo, akiba imekwisha. Kila ombi jipya linasubiri sekunde 30, kisha linakataliwa. Dirishani mwananchi anaambiwa "mtandao unasumbua", na mtandao hauna tatizo lolote. Fundi akiangalia seva, prosesa imetulia na RAM ipo tele. Anarestati, mfumo unaamka, anasifiwa. Siku mbili tatu, mambo ni yaleyale. Nimeona ofisi ambayo kurestati kumewekwa kwenye ratiba ya kila usiku na kupewa jina la heshima: matengenezo kinga.

Huulizwa: kwani mzoa taka hawezi kuirudisha? Hawezi, kwa sababu koneksheni halisi bado inashikwa na akiba. Kwa macho yake ni objekti hai. Na hata pasipo na akiba, pale ambapo kiendeshi cha hifadhidata husubiri mzoa taka apite ndipo kifunge kilichosahauliwa, yeye hupita memori inapobana. Taasisi ikinunua RAM na kuiongezea Java memori, uzoaji unachelewa na koneksheni zilizoachwa zinakaa wazi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo tiba ya manunuzi, ambayo vikaoni hupita haraka kuliko zote, inaweza kuuzidisha ugonjwa. Kupandisha akiba kutoka 10 hadi 50 nako kunasogeza mbele tu siku ya kukwama. PostgreSQL yenyewe ina ukomo wa 100 usiporekebishwa, na kila koneksheni kwake ni mchakato unaojitegemea na kula memori.

Zamani Java ilitupatia finalize(), methodi ya kusafisha kabla objekti haijaondolewa. Haikuwa na uhakika wa muda. Ilitangazwa kupitwa na wakati katika Java 9, mwaka 2017, na mwaka 2022 Java 18 ikaitia alama ya kuondolewa. Bado naikuta kwenye mifumo iliyokabidhiwa juzi. Na dawa ipo tangu 2011, Java 7 ilipoleta try inayotangaziwa rasilimali kwenye mabano yake: methodi itoke kwa amani au kwa eksepsheni, koneksheni inafungwa. Python ina with, C# ina using. Marekebisho ni ya mistari michache kwa kila methodi. Kinachochosha ni kwamba msimbo chanzo hauko mikononi mwa taasisi, mkandarasi ameshalipwa, na kila marekebisho yanahitaji barua tatu. Sisemi wakandarasi wote wako hivyo. Nasema hadidu za rejea huorodhesha skrini na ripoti, na hakuna kifungu kinachouliza nani atafunga alichokifungua.

3. Mapendekezo

Msimbo chanzo ukabidhiwe taasisi kabla ya malipo ya mwisho, pamoja na maelekezo ya kuujenga. Bila hilo, yanayofuata ni maneno matupu.

Hadidu za rejea ziseme wazi kwamba kila objekti yenye kushika faili, soketi au koneksheni ifungwe kwa try, with au using, na kwamba finalize() haipokelewi.

Katika HikariCP, iwashwe leakDetectionThreshold, ambayo kwa kawaida huwa imezimwa. Hairudishi koneksheni, ila huandika kwenye logi ni mstari upi wa msimbo ulioazima. Nusu ya ugomvi kati ya fundi na mkandarasi huishia hapo.

Majaribio ya kupokea mfumo yafanywe kwa data mbovu pia: tarehe tupu, namba zisizokuwepo. Baada ya majaribio zihesabiwe koneksheni zilizobaki nje ya akiba. Ikibaki hata moja wakati hakuna ombi linaloendelea, mfumo haujapita.

Ombi la kununua RAM liambatane na logi inayoonyesha kwamba memori ndiyo iliyobana. Nimeshalieleza, nalirudia kwa sababu bajeti zinakuja.

Kurestati seva kuandikwe kama tukio, na sababu yake. Kukiwa kwenye ratiba, ratiba hiyo ipelekwe kwa mkaguzi wa ndani.

Vyuo viendelee kufundisha konstrakta, lakini mtihani uwe na swali la kufunga.

Na msimbo chanzo, nasema tena, ukabidhiwe.