Mtoto mbele ya foto: maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa Kasha



Jumamosi inayokuja ni siku ya foto. Tulisema tutapiga foto kila mtoto wa mutualite, na tangu tutangaze, maswali yamekuwa mingi kupita watoto wenyewe. Mama mmoja aliuliza kama amvalishe mtoto nguo ya Noeli. Papa mmoja akauliza kama amvalishe ile iliyopasuka, "juu wafadhili waone." Watu walicheka. Lakini swali la papa si la kuchekesha, na tutalirudia.

Kwanza tukumbushane hii foto ni ya nini. Si ya karata ya masomo, si ya kupamba ukuta, hata kama utaipamba hakuna atakayekukataza. Ni foto ya siku mbaya. Wengi wetu tulitoka huku 1996, tukavuka Ziwa Tanganyika, tukaishi Nyarugusu ao Lugufu. Wengine walikimbia 2004. Wengine ni juzi tu, mwezi wa pili 2025, wakashuka kuelekea Uvira na Burundi, kisha wakarudi. Njia si moja, lakini kwenye kila njia kulikuwa mtoto aliyeachilia kikwembe cha mama yake katikati ya watu.

Wazee wanakumbuka 1994. Wakimbizi wa Rwanda walijaa Goma, wakajaa na huku kwetu, Panzi, Inera, Kashusha. Watoto waliotengana na wazazi waliandikishwa mpaka hesabu ya eneo lote ikapita 100,000. Kati yao kulikuwa wadogo sana. Unamuuliza jina la baba, anajibu "Papa." Unamuuliza kijiji, anajibu "kwetu." Utamtafutia nani na hayo? Njo maana Msalaba Mwekundu wa kimataifa, UNICEF, HCR na mashirika mengine wakashika njia ya foto, na kampuni ya Kodak ikasaidia. Mtoto anapigwa foto ameshika kibao chenye namba, foto zinapangwa kwenye mbao ndani ya kambi, na wazazi wanapita polepole wakiangalia sura moja moja.

Ile namba iliwaumiza watu wengi, tuseme ukweli. Mtoto aliyeshika namba kifuani anafanana na mfungwa. Lakini haikuwa dharau: asiye na jina, namba ndiyo iliyobeba dosie yake. Sisi hatutatumia kibao. Watoto wetu wako na majina, na jina litaandikwa nyuma ya foto na ndani ya daftari. Ila tunawaomba kitu kimoja kinachopita foto yenyewe: kuanzia leo mpaka Jumamosi, kila mtoto wa miaka mitatu kwenda juu afundishwe kusema jina la baba, jina la mama, na "Kasha, Bagira, Bukavu." Mfundishe kama wimbo. Asiseme "Papa" tu.

Sasa tuwape habari ya mama mmoja wetu, ambaye ametupa ruhusa tuiseme bila jina lake. Kambini alipita mbele ya ubao wa foto mara mbili, na mara mbili akampita mtoto wake mwenyewe. Mtoto alikuwa amenyolewa kichwa kwa sababu ya chawa, macho yameingia ndani, jua limemkunja uso, na mtu mzima amempiga foto akiwa amesimama wima, toka juu, hata kidevu hakionekani. Mara ya tatu ni dada yake mdogo aliyesema: "Angalia sikio." Sikio la kushoto liko na kikato kidogo, aliumwa na mbwa akiwa na miaka miwili. Kwa sikio hilo mtoto alirudi nyumbani. Leo ni mtu mzima, ana watoto wake watatu, nao watakuja Jumamosi.

Kutoka hapo njo tunapata namna yetu ya kusimamisha mtoto, na vijana watakaoshika telefone wasikilize vizuri.

Shuka chini. Piga goti, hata kama ni matope, tutaleta gunia la kuwekea goti. Kamera ikae sawa na macho ya mtoto. Ukimpiga toka juu, kichwa kinakuwa kikubwa na miguu inakuwa midogo, na anaonekana kama anaomba. Ukiwa sawa naye, anaonekana kama anaongea na wewe. Tofauti hii inapita hata nguo.

Tutaanza saa mbili ya asubuhi, mbele ya jua kupanda. Saa sita jua linaweka kivuli cheusi ndani ya macho. Mtoto atakaa chini ya baraza, karibu na nje, uso ukiangalia kwenye mwangaza. Nyuma yake hatuweki shuka nyeupe. Tulijaribu mwaka uliopita na telefone ikaangalia ile nyeupe, ikafanya sura za watoto kuwa giza tupu, foto zote tukatupa. Tutaweka kikwembe cha rangi moja, kisicho na maua. Kisha gusa uso wa mtoto pale kwenye kioo cha telefone mpaka ngozi itoke kwa rangi yake. Msiwapake watoto poda nyeupe, tunawaomba sana wamama! Tunataka rangi yake mwenyewe.

Kofia inatoka. Kitambaa kinatoka, isipokuwa kwa wasichana ambao dini ya nyumbani inawataka wafunike, hao tutavuta nyuma kidogo masikio yaonekane, kama mama anakubali. Kovu hatulifichi. Foto ya kwanza ni ya mbele, ya pili uso ukigeuka kidogo sikio lionekane, ya tatu mwili mzima. Ndugu wa tumbo moja wanapigwa tena pamoja, juu mara nyingi mdogo hamjui mtu ila mkubwa wake, na anayemtambua mmoja amewapata wote. Mtoto wa kunyonya analala juu ya kikwembe, mama anakaa karibu amshike mkono.

Na kucheka? Wazee wetu walituzoesha foto za studio: mikono chini, kifua mbele, meno ndani, kama unangoja bendera ipande. Zile foto tunazipenda, zina heshima yake. Lakini mtoto aliyeambiwa "simama sawasawa!" anakunja sura ambayo hata mama yake hajapata kuiona. Muulize nani nyumbani anaiba sukari. Kabla hajajibu, piga. Mtoto anayekataa kabisa, anayelia, muache. Arudi saa moja baadaye, ao arudi mwezi ujao. Hakuna mtoto atakayeshikwa kichwa kwa nguvu.

Sasa turudi kwa papa wa nguo iliyopasuka. Papa, hatukukasirikia. Ulijifunza mahali, na sisi tunajua ni wapi. Miaka iliyopita alikuja mgeni mmoja na kamera kubwa, kutoka shirika ambalo hatutalitaja. Watoto walikuwa wamevaa viatu, maana walijua mgeni anakuja. Aliwaomba watoe viatu. Akawapeleka pale taka zinapotupwa, akamwambia msichana mmoja asicheke. Sisi wakubwa tulikuwa pale, na tulinyamaza. Tulikuwa tunangoja bashe na sabuni. Msichana huyo leo ni mkubwa, na bado anatuuliza kwa nini tulinyamaza, na hatuna jibu zuri la kumpa.

Mashirika yenyewe yaliandika sheria yao juu ya jambo hili. Kanuni ya mwenendo ya Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, ya 1994, inasema kwenye kipengele cha kumi kwamba katika matangazo watu waliopatwa na msiba waonyeshwe kama watu wenye heshima. Na nchi yetu iko na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, inayolinda pia maisha yake ya siri. Kwa hiyo tukikataa hatuna kiburi, tunaomba tu kilichokwisha kuandikwa.

Wafadhili wetu, hapa tunaongea na ninyi waziwazi. Mtapata foto, lakini zile tu ambazo mzazi ametia mkono na mtoto amekubali. Mtoto atakuwa na nguo anayovaa siku zote, iliyofuliwa. Pengine atacheka. Hamtapata jina la ukoo, wala avenue, wala jina la shule, kwa sababu sura na jina na mahali vikiwa pamoja, mtu mbaya ana kila kitu anachotaka. Tunajua foto ya machozi inaleta pesa haraka kuliko foto ya kicheko. Tumeiona kwa macho yetu, na kwenye komite tuligombana usiku mzima, kwa sababu dawa na minervali hazilipwi na heshima. Wenzetu wawili walipiga kura ya hapana, na hawakuwa wajinga. Kura zilipita hivi. Kama mtataka kujua njaa ya nyumba, tuulizeni, tutawaandikia kilo na franka bila kuficha. Mtoto asitumwe kuonyesha njaa kwa uso wake.

Jambo la mwisho ni makaratasi. Kila familia itapata foto mbili zilizotolewa na kutiwa plastiki. Msitegemee telefone, telefone ndiyo ya kwanza kunyang'anywa njiani. Foto moja ishonwe ndani ya begi ao ndani ya mfuko wa koti la mtu mkubwa, nyingine ikae kwa jamaa asiyekaa Kasha. Daftari la majina halitakaa pamoja na foto, watu wawili tofauti watavitunza. Na kila mwaka tunarudilia, maana sura ya miaka mitatu haimtafuti mtoto wa miaka sita.

Avenue za juu zitaanza saa mbili, za chini saa nne. Wenye watoto wa kunyonya wasipange mstari, waingie moja kwa moja. Mvua ikinyesha, tunangoja ikatike, haturudishi mtu. Mama anayeleta kikwembe cha rangi moja, kisicho na maua, atakirudishiwa kimefuliwa.